Tumekuwa Waajiri

(Maneno yaliyotolewa na mwalimu wa jamii yetu anayeishi Kampala, mbele ya wajumbe wa kamati, walimu na wazazi, Siku ya Walimu Duniani, Jumapili tarehe 5 Oktoba 2025. Yanachapwa kwa ombi la wasikilizaji katika toleo hili la kumbukumbu ya miaka kumi ya kamati.)



Barua ya katibu iliponifikia na kuniambia niseme juu ya kujenga mahali pa kazi penye furaha, nilicheka kidogo. Naomba radhi. Nilidhani hayo ni maneno ya watu wa benki pale Nakasero, wanaofanya kazi katika vyumba vyenye hewa baridi. Sisi ambao wengi wetu tunatafuta kazi yoyote ile, tukae tuzungumze juu ya furaha kazini? Lakini nilipokuwa katika taksi kutoka Ndejje nilianza kuhesabu kwa vidole. Kamati inalipa walimu saba wa chekechea na wa masomo ya jioni. Inalipa mpishi, mlinzi, na washonaji wawili wa karakana. Jumla watu kumi na mmoja. Kwa miaka kumi tumekuwa tukiandika barua kwa mashirika na kwa matajiri tukiwatetea wafanyakazi wetu. Leo sisi wenyewe tumekuwa waajiri, wala sikumbuki siku tuliyokaa tukasema jambo hilo kwa sauti.

Na katika muhula wa pili, walimu watatu kati ya wale saba wameondoka.

Nimesoma kumbukumbu za mkutano wa Agosti. Zimeandikwa kwamba walimu hao “wameacha kazi kwa sababu zao binafsi”. Ndugu Mwenyekiti, niliwatafuta wote watatu. Mmoja amehamia kambi nyingine kwa mume wake, hiyo kweli ni sababu yake binafsi. Wa pili hakutaka kusema. Wa tatu nilimkuta hapa hapa Kampala, Katwe, amebeba vitenge begani anauza nyumba kwa nyumba. Tulikaa chini ya kivuli cha duka akanieleza. Nilitegemea aseme mshahara ni mdogo. Hakusema hivyo. Alisema: “Mama mwalimu, hata kwenye vitenge sipati zaidi. Lakini jioni najua nimepata nini. Kule nilikuwa naamka kila siku sijui kama ni mwezi huu au mwezi ujao, na nikiuliza naambiwa mimi sina moyo wa kujitolea.”

Maneno hayo ndiyo hotuba yangu yote, na ningeweza kukaa chini sasa. Lakini mmesafiri mbali.

Mimi nilivuka mpaka Bunagana mwaka 2012, nikiwa na mtoto mmoja na bahasha yenye diploma yangu ya chuo cha ualimu cha Bukavu. Ile diploma niliilinda kuliko nguo. Kumbe hapa, imeandikwa Kifaransa, inadai tafsiri, inadai ada, inadai kusawazishwa, na wakati huo wote mtoto anataka kula. Kwa hiyo mwaka 2014 niliingia katika shule moja ya binafsi hapa mjini, jina lake sitalitaja. Niliahidiwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Wakanitaka niache diploma ofisini “kwa usalama”. Mwezi wa kwanza nilipewa 90,000. Mwezi wa pili niliambiwa ninyi wakimbizi mnalipwa na UNHCR, hamna shida. Nilipopata mimba ya mtoto wa pili, nilifundisha hadi wiki ya mwisho, nikajifungua, nikarudi baada ya majuma matatu nikakuta mwingine amesimama mbele ya darasa langu. Diploma ilinichukua miezi minne kuirudisha mkononi.

Sisemi haya ili mnionee huruma. Ukumbi huu umejaa watu wenye hadithi kuliko yangu. Nasema kwa sababu ya kilichofuata.

Baadaye nilipata shule nyingine, ndogo, mabati matupu, mvua ikinyesha hatusikilizani. Mshahara ulikuwa 200,000, yaani karibu ule ule. Nilikaa pale miaka mitano, na asubuhi nilikuwa nakwenda kazini nikiimba. Nimejiuliza mara nyingi tofauti ilikuwa nini. Mama mkuu wa shule ile, kila tarehe 20 ya mwezi, saa ya chai, alikuja chumba cha walimu na daftari la ada. Alitufungulia. Alisema: wazazi wamelipa kiasi hiki, mahindi yamekula kiasi hiki, kimebaki hiki, tarehe 30 mtapata robo tatu na iliyobaki tarehe 10. Na tarehe 10 ilikuwa tarehe 10. Miezi mingine hatukupata hata robo tatu, lakini hatukulala tukijiuliza. Mwalimu mwenye nyumba ya kupanga alikwenda kumwambia mwenye nyumba siku ya kweli, naye mwenye nyumba akamheshimu.

Tena alikuwa na viti. Mtacheka. Shule ya kwanza walimu tulikaa juu ya madawati ya watoto, na mwalimu mgeni alisimama. Yule mama alipopata fedha kidogo, kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele ambao wazazi wanauona, alinunua viti sita vya plastiki na akatenga choo kimoja chenye komeo kwa ajili ya walimu wanawake. Na mtoto wa mwalimu akiugua, yeye mwenyewe aliingia darasani badala yake. Hakuuliza barua ya daktari. Aliuliza mtoto anaendeleaje.

Hayo ndiyo ninayoyaita furaha kazini. Kwa lugha ya kwetu furaha ni neno kubwa, tunaliweka kwa harusi na kwa Krismasi. Kazini inatosha mtu asiwe na tumbo linalomkaza kila akiona lango. Zipo sehemu za kazi zinazofanya sherehe mwisho wa mwaka, zinagawa fulana zenye maandishi, zinapiga picha, na Januari watu hawajalipwa Novemba. Fulana hizo tunazo, wengine mmezivaa leo.

Wazee wetu waliotoka Katanga wanaijua habari hii kuliko mimi. Kampuni ya Union Minière, tangu miaka ya 1920, iliacha kuchukua watu kwa mikataba mifupi ikaanza kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto wao. Ikajenga nyumba, hospitali, shule, ikapima hata uzito wa watoto wachanga, ikagawa unga na nyama. Ukisoma taarifa zake utadhani ni paradiso. Lakini mfanyakazi hakuwa na mdomo. Desemba 1941 vita vimepandisha bei ya vitu, wakagoma kudai nyongeza, wakakusanyika uwanjani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na askari wakawapiga risasi. Walikufa watu kwa makumi. Nyumba walikuwa nazo, hospitali walikuwa nayo. Babu zetu walitunzwa vizuri kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe haulizwi neno.

Na wale mliopitia Lugufu na Nyarugusu, mkaishi Tanzania, huenda mmesikia wenyeji wakitaja Mwongozo wa TANU. Ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali hapa Kampala, na mapinduzi hayo yalikuwa sababu mojawapo ya kuandikwa kwake. Ndani yake, ibara ya 15, viongozi walikatazwa kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Viongozi waliposoma walidhani ni maneno mazuri ya kupigiwa makofi. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliposoma, wakayachukua kama yalivyo. Kukawa na migomo mingi miaka ile, na mingi haikuanzia kwenye mshahara, ilianzia kwenye meneja aliyemtukana mtu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda chenyewe. Serikali baadaye iliona wamezidi, ikawabana. Mimi si mtu wa siasa. Nachotoa hapo ni kwamba mtu mzima anavumilia njaa kwa muda mrefu kuliko anavyovumilia kudharauliwa, na kwamba anayeandika maneno mazuri ajiandae siku atakapoulizwa.

Sisi maneno mazuri tumeyaandika. Katiba ya kamati yetu, ukurasa wa kwanza, inasema tutalinda utu wa kila mkimbizi.

Sasa kuhusu sheria nitapita haraka, maana najua wengine wanasinzia na gari la usiku halikuwa mchezo. Uganda ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006, nayo inatupa ruhusa ya kufanya kazi. Mwaka huo huo ikatunga Sheria ya Ajira, na hiyo haiulizi mtu ametoka wapi. Inataka mfanyakazi apewe masharti yake kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze. Inaweka saa 48 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mama akijifungua ana siku 60 za kazi zenye mshahara kamili, na baba ana siku 4. Mgonjwa ana mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mshahara wa chini ndio usiutegemee: uliowekwa mwaka 1984 ulikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, leo haununui hata chakula cha siku mbili cha familia, na muswada ambao Bunge lilipitisha mwaka 2019 ili kuurekebisha, Rais hakuuridhia. Kwa hiyo juu ya kiasi sheria haitatusaidia. Juu ya mengine yote inatusema sisi. Mlinzi wetu, Mzee Mwenyekiti, analinda usiku saba kwa wiki. Nimemwuliza mwenyewe. Alinijibu kwamba hajawahi kuambiwa anaweza kupumzika.

Nimesikia mtu nyuma ananong'ona kwamba hao si wafanyakazi, ni watu wa kujitolea, wanapewa motisha tu. Nashukuru, maana ndipo mahali penyewe. Katika kambi nyingi za Afrika Mashariki mkimbizi akifundisha haitwi mshahara anachopata, anaitwa motisha au posho. Na hapa Uganda ukiambiwa utapata posho lazima uulize kwanza, ni ya mfukoni au ni ya kula na maharage? Tumezoea neno hilo tukitukanwa nalo na wengine. Sasa tumeliokota tunawatukana nalo watu wetu. Mtu anayetakiwa kufika saa moja na nusu asubuhi, anayeandikwa akichelewa, anayefukuzwa akikosea, huyo ni mfanyakazi. Kujitolea ni mimi kuja hapa leo.

Baba yangu alikuwa mwalimu Rutshuru. Mnakumbuka, serikali ya Zaire ilipoacha kuwalipa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio walioshika mzigo, na ikaendelea hivyo hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Mimi nilikua nikiona watoto wa darasa la baba wanarudishwa nyumbani kwa sababu hawajaleta fedha ambayo ingenunua unga wetu. Baba aliona aibu mbele ya watoto wale kuliko alivyoona njaa. Mwalimu na mzazi wakawekwa kupigana, na aliyepaswa kulipa akakaa pembeni. Nawaomba wazazi mnaochangia shule yetu, msije siku moja kumwambia mwalimu “sisi ndio tunakulisha”. Nimesikia imesemwa, muhula huu.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwangu kulisema.

Januari mwaka huu Goma ilianguka, na Februari Bukavu. Mnakumbuka siku zile, simu zilikuwa mikononi usiku na mchana. Mmoja wa walimu wetu wa masomo ya jioni alipata ujumbe saa nane mchana kwamba kaka yake hajulikani alipo. Saa tisa alikuwa darasani anafundisha hesabu za sehemu. Wanafunzi ndio walionisimulia: alikuwa akiandika ubaoni, akafuta, akaandika tena ile ile, akafuta. Hakuna aliyemwambia nenda nyumbani. Kesho yake hakuja. Mwisho wa mwezi akakatwa siku mbili.

Najua aliyekata hakuwa na ubaya. Alifuata daftari la mahudhurio. Lakini yule kaka hadi leo hajapatikana, na mwalimu yule ndiye wa pili katika wale watatu, yule ambaye hakutaka kusema nami.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliandika katika orodha yake kwamba kuchoka kabisa kwa sababu ya kazi ni jambo linalotokana na msongo wa kudumu wa kazini ambao haukudhibitiwa vizuri; halikuandika kwamba ni uvivu wa mtu. Walimu wetu wanachoka mara mbili. Wanapokea watoto walioona mambo ambayo hata mimi siwezi kuyataja mbele ya watoto waliopo hapa, nao wenyewe waliyaona. Mchana wanampangusa mtoto machozi, usiku wao nani? Tena tangu mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani ulipotugawa katika makundi, baadhi ya walimu wetu wamo katika kundi lililotolewa kabisa, kwa hoja kwamba wanajiweza. Wanajiweza kwa ile motisha yetu. Hatuna mshauri wa kulipa, hatuna daktari wa mawazo. Lakini niliuliza walimu waliobaki wangependa nini siku habari mbaya ikija, na majibu yao hayakuhitaji mfadhili. Waruhusiwe siku tatu bila kukatwa. Mwenzao apewe darasa bila kunung'unika. Na mjumbe mmoja wa kamati aje nyumbani akae nao, hata asiposema kitu. Kwetu msiba unakaliwa. Kwa nini mahali pa kazi petu tumeusahau msiba?

Leo ni tarehe 5 Oktoba kwa sababu siku kama hii, mwaka 1966, huko Paris yalipitishwa mapendekezo ya kimataifa juu ya hadhi ya mwalimu, na tangu 1994 dunia inaikumbuka. Humo imeandikwa kwamba mazingira ya kazi ya mwalimu yawe yale yatakayomwezesha kuelekeza akili yake kwenye kufundisha. Ni hilo tu tunalotafuta. Akili ya mwalimu wetu mchana iwe darasani, isiwe kwa mwenye duka anayemdai.

Fedha hatuna, hilo mhazini amelisema vizuri kabla yangu wala sitalipinga. Sikuja kuomba nyongeza. Nimekuja na karatasi moja, nimeiandika kwa mkono kwa Kiswahili ili hata mpishi wetu aisome mwenyewe. Ni mkataba. Una tarehe ya malipo, na unasema kwamba fedha ikipungua kamati itawaambia wafanyakazi kabla ya tarehe 20, daftari likiwa wazi. Una siku ya mapumziko ya mlinzi. Una zile siku 60 za mama, na hapo najua mtabishana, maana ni za kulipa na mwalimu wa badala naye ni wa kulipa. Bishaneni, lakini mbele ya walimu wenyewe. Na chini kabisa nimeweka nafasi ya mfanyakazi mmoja kuingia katika vikao vya kamati, achaguliwe na wenzake, asiteuliwe na sisi. Mzee Mwenyekiti aliniambia asubuhi kwamba hilo la mwisho litawachukua muda. Nimemwelewa. Mimi nitakuja kambini mkutano wa Novemba kusikia mlipofikia, na nauli nitajilipia.

Karatasi nimemkabidhi katibu. Yule mwenzetu wa Katwe amesema akiiona imetiwa sahihi atarudi darasani muhula wa kwanza, Februari. Ameketi pale karibu na mlango, vitenge vyake viko chini ya kiti. Tukitoka mnaweza kumsalimu, na akina mama mnaotaka kununua, anauza.